Hatari ya basi la shule haiishii mlangoni

Wazazi wengi huamini kwamba mtoto akishashuka kwenye basi la shule, hatari imekwisha. Sivyo. Ndani ya basi mtoto ameketi, amekingwa na bodi ya gari. Hatari kubwa humngoja chini, hatua chache kutoka mlangoni, na mara nyingine gari linalomgonga ni basi lilelile aliloshuka.

Sababu ni kimo. Dereva amekaa juu, na mtoto mdogo aliyesimama karibu na bampa ya mbele huenda asionekane kabisa. Vioo navyo vina sehemu visizozifikia. Kwa hiyo akishuka, aondoke ubavuni mwa basi mpaka awe umbali wa mita 3 hivi. Akilazimika kuvuka, apite mbele, kamwe si nyuma, tena mbali na bampa, amtazame dereva na kusubiri ishara yake. Kabla ya kuingia upande wa pili aangalie tena, maana si kila gari husimama.

Linalonitia hofu zaidi ni kitu kilichoanguka. Daftari likiteleza chini ya basi, mtoto huinama papo hapo, na dereva asiyemwona tena hudhani ameshakwenda zake. Mfundisheni aliache, amwambie dereva kwanza.