Kupiga noti chache si kutojua gitaa

Wapenzi wengi wa roki humpima mpiga gitaa kwa kasi ya vidole; mwenye noti chache huonekana hajaiva. Si kweli. Msikilize Paul Kossoff wa bendi ya Free ya Uingereza, aliyefariki 1976 akiwa na miaka 25 tu. Anavuta uzi mmoja, anaushikilia, kisha anautikisa kwa kidole hadi unalia kama mtu. Jaribu uone: ukiuvuta pungufu kidogo, sauti inatoka kombo, na hakuna msururu wa noti wa kukufichia aibu. Tena huyu alisomea gitaa la klasiki utotoni! Peter Green, aliyeanzisha Fleetwood Mac mwaka 1967, naye alikuwa bahili wa noti; bahati mbaya wengi wanaijua bendi hiyo kwa nyimbo za baada yake kuondoka 1970.