Makaburi 134 ya Glencree: yanayosemwa na yaliyo kweli

Glencree ni kijiji kidogo kilichojificha katika milima ya Wicklow, nchini Ayalandi, umbali usiozidi kilomita 30 kusini mwa Dublin. Hakina mengi ya kuonyesha: nyumba chache, kambi kongwe ya jeshi, barabara nyembamba ya mlimani na mto unaotiririka bondeni. Karibu na kambi hiyo yako machimbo ya mawe yaliyoachwa zamani, na ndani yake, chini ya ukuta wa mwamba, yamepangwa makaburi 134. Rasmi huitwa Makaburi ya Kijeshi ya Wajerumani, na nadhani jina hilo ndilo mzazi wa makosa mengi, kwa kuwa neno “kijeshi” linawafaa wengi wa waliolala pale lakini haliwafai wote.

“Ayalandi haikupigana, kwa hiyo haina wafu wa Vita vya Pili”

Sehemu ya kwanza ya maneno haya ni kweli. Septemba 1939, serikali ya Éamon de Valera ilikataa kuegemea upande wowote, na hata neno “vita” likakwepwa. Miaka ile iliitwa Hali ya Hatari. (Msomaji wa Kenya akisikia maneno hayo atakumbuka 1952 na mapambano ya Mau Mau. Ya Ayalandi ilikuwa ya namna nyingine kabisa, ingawa tangazo lake halikufutwa hadi 1976.)

Sehemu ya pili si kweli hata kwa raia wa Ayalandi wenyewe. Tarehe 26 Agosti 1940 ndege ya Kijerumani iliangusha mabomu kwenye kiwanda cha maziwa cha kijiji cha Campile, katika jimbo la Wexford, yakawaua wanawake watatu, wawili kati yao ndugu wa tumbo moja. Tarehe 31 Mei 1941 mabomu mengine yaliua watu 28 katika mtaa wa North Strand, Dublin.

Wafu wa Glencree waliletwa na sababu nyingine. Baada ya Ufaransa kuanguka, ndege za Ujerumani zilikuwa zikiruka kutoka pwani ya nchi hiyo kwenda Atlantiki, kupima hali ya hewa na kuwinda meli, na njia yao ilizunguka magharibi ya Ayalandi, penye milima inayofunikwa na ukungu bila taarifa. Nyingine ziligonga mwamba, nyingine zikaangukia baharini. Si kila ajali iliacha kaburi: Agosti 1940 ndege kubwa aina ya Condor iligonga Mlima Brandon, jimbo la Kerry, na wote sita waliokuwamo wakatoka hai, wakawekwa kizuizini hadi vita vilipokwisha. Wengine hawakupata bahati hiyo, na bahari nayo ilirudisha miili ya mabaharia. Kati ya makaburi ya Glencree, 81 ni ya watu wa jeshi la anga na la majini la Ujerumani. 53 kati yao wanajulikana, na 28 hawakutambuliwa kamwe.

“Wote ni askari wa Hitler”

Hii ndiyo dhana inayohitaji kusahihishwa kwa makini zaidi, kwa sababu inawadhulumu watu ambao hawakuwahi kushika bunduki katika vita hivyo.

Makaburi 46 ni ya raia. Mwaka 1940, Uingereza ikihofia uvamizi, iliwakamata maelfu ya Wajerumani, Waaustria na Waitaliano waliokuwa wakiishi humo na kuwaweka kizuizini kama raia wa nchi adui. Msako huo haukuchuja vya kutosha. Ndani yake walikuwamo wapishi na wenye mikahawa waliokaa Uingereza miaka mingi, na pia Wayahudi na wapinzani wa Hitler waliokuwa wamemkimbia Hitler huyohuyo. Baadhi ya waliokamatwa walipakiwa katika meli iitwayo Arandora Star, iliyong’oa nanga Liverpool ikielekea Kanada, ikiwa na Waitaliano zaidi ya 700 na Wajerumani zaidi ya 400, mbali na mabaharia na walinzi.

Asubuhi ya tarehe 2 Julai 1940, magharibi mwa pwani ya Donegal, meli hiyo ilipigwa na nyambizi ya Kijerumani U-47 chini ya nahodha Günther Prien, yuleyule aliyezamisha manowari Royal Oak mwaka uliotangulia. Walikufa watu zaidi ya 800, wengi wao Waitaliano. Wiki kadhaa baadaye mawimbi yalianza kutupa miili kwenye fukwe za Mayo, Sligo na Donegal, na wenyeji wakaiokota na kuizika katika makaburi ya parokia zao. Kwa hiyo theluthi moja ya Wajerumani wa Glencree waliuawa na Wajerumani wenzao, wakiwa mahabusu wa Uingereza, wakaja kuzikwa na Waayalandi. Sijui ni kibao gani cha makaburi kinachoweza kubeba maelezo hayo yote kwa neno moja, lakini hakika si “askari”.

Wako pia sita ambao hawakuiona kabisa enzi ya Hitler. Hao ni mateka wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliofariki wakiwa mikononi mwa Waingereza, wakati Ayalandi yote ilikuwa bado chini ya Uingereza.

“Walikufa na kuzikwa hapohapo Glencree”

La. Hapakupiganwa vita yoyote. Wafu hawa walizikwa kwanza kotekote nchini, karibu na mahali walipopatikana, na ni shirika la Kijerumani la kutunza makaburi ya vita, Volksbund, lililopanga wafukuliwe na kukusanywa mahali pamoja. Makaburi yalifunguliwa rasmi tarehe 9 Julai 1961. Kwa hiyo mwili uliookotwa ufukweni Mayo mwaka 1940 ulivuka nchi nzima, magharibi hadi mashariki, kuja kuzikwa mara ya pili.

“Jasusi Görtz alinyongwa, akazikwa pale”

Hermann Görtz, jasusi wa Ujerumani mwenye kaburi linalotafutwa zaidi na wageni, hakunyongwa. Aliruka kwa parachuti Mei 1940 akaangukia jimbo la Meath, akapoteza redio yake siku hiyohiyo, kisha akatembea kwa miguu siku kadhaa hadi Laragh, katika milima hiihii ya Wicklow, akiwa amevaa sare ya jeshi la nchi yake. Jasusi mwenye sare, asiye na redio! Hata hivyo alikaa mafichoni hadi alipokamatwa Novemba 1941. Alipokuwa kizuizini aliandika barua kwa maandishi ya fumbo akiamini zinafika Berlin, kumbe zilisomwa na Richard Hayes, mkurugenzi wa Maktaba ya Taifa ya Ayalandi, aliyelifumbua fumbo lake. Na idara ya ujasusi ya jeshi la Ayalandi ikamjibu kana kwamba ndiyo Berlin, hata ikampandisha cheo kuwa meja.

Mwaka 1947, alipoarifiwa kwamba atarudishwa Ujerumani, alimeza sumu ya sianidi mjini Dublin, akazikwa katika makaburi ya Deansgrange. Alihamishiwa Glencree mwaka 1974 tu, akatengwa kidogo na wenzake. Jiwe la kaburi lake, ambalo huelezwa kuwa kazi ya mikono yake mwenyewe, limechongwa upanga uliozungushiwa seng’enge. Wageni hupiga picha hapo, kisha wengi huondoka bila kuwatazama wale 46.

“Wajerumani wa kwanza Glencree walikuwa maiti”

Kambi iliyo jirani na makaburi ilijengwa na Waingereza baada ya uasi wa 1798, kando ya barabara mpya ya kijeshi iliyokusudiwa kuwafikia waasi waliojificha milimani. Baadaye, hadi 1940, ikawa shule ya maadilisho ya wavulana. Kisha, kuanzia 1946, Chama cha Msalaba Mwekundu cha Ayalandi kiliitumia kupokea mamia ya watoto, wengi wao kutoka miji ya Ujerumani iliyobomolewa, katika mpango ulioitwa Operation Shamrock. Walilishwa, wakatibiwa, kisha wakagawiwa familia za kuwalea. Wengi walirudi kwao baada ya miaka michache, na baadhi wakabaki Ayalandi moja kwa moja. Watoto hao walipita Glencree miaka mingi kabla jeneza la kwanza halijateremshwa katika machimbo yale.