"Uzoefu wa mapema wa mashindano" kwa muogeleaji ni kitu gani?

Jioni pale Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, boti za kwenda vijijini zikishaondoka, watoto hujirusha kutoka kwenye mitumbwi na kushindana nani atagusa boya kwanza. Wengi wao wanayajua maji kuliko sisi wakubwa. Lakini kocha wa kuogelea akiwatazama atasema hawana uzoefu wa mashindano, wala hatakuwa amewatukana.

Dhana hii haihusu kuanza kuogelea mapema. Inahusu kupita kwenye mashindano rasmi ungali kijana: kusimama kwenye jukwaa la kurukia, kusubiri mlio, kugeuka ukutani bila kupoteza mwendo, kusomewa muda wako hadi sehemu ya mia ya sekunde, kisha kurudi bwawani kwa fainali na uchovu wa mchujo bado umo mabegani.

Mtazame Kirsty Coventry wa Zimbabwe. Aliingia Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 angali mwanafunzi wa sekondari, akaishia nusu fainali. Miaka minne baadaye, Athens, akatwaa dhahabu ya mita 200 chali, pamoja na fedha na shaba. Michael Phelps naye alikuwa Sydney, ana miaka 15, akawa wa tano katika mita 200 za kipepeo. Beijing 2008 akaondoka na dhahabu 8. Summer McIntosh wa Kanada alikuwa na miaka 14 alipomaliza wa nne Tokyo katika mita 400 za mtindo huru. Paris 2024 akapata dhahabu 3. Wote watatu walirudi kwao mikono mitupu mara ya kwanza, na kwangu mimi hapo ndipo penye maana ya neno lenyewe. Walichobeba si medali, ni kuzijua siku za mashindano zinavyokwenda.

Kinyume chao, Sydney hiyohiyo alikuwepo Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta. Alikuwa amejifunza kuogelea miezi michache tu kabla, na bwawa la mita 50 hakuwahi kuliona. Mita 100 alizimaliza kwa dakika 1 na sekunde 52.72, uwanja mzima ukimshangilia.

Sasa, makocha na wazazi hupenda kusema samaki mkunje angali mbichi. Sawa, ila wengine huvunja. Mtoto aliyebalehe mapema huwashinda wenzake kwa urefu na nguvu, watu wakadhani ni kipaji. Wenzake wakikua, pengo linafutika. Ndiyo maana mabingwa wengi wa umri mdogo hawaonekani tena ukubwani. Kushiriki mapema kunafundisha. Kushinda mapema hakutabiri mengi.

Kwa watu wa Ziwa Tanganyika kuna mlango mwingine: mbio za kilomita 10 kwenye maji ya wazi, zilizoingia Olimpiki mwaka 2008. Hazina ukuta wala kamba za kugawa njia, na mawimbi watoto wetu wanayo bure. Hata huko, lakini, kuna kuanza kwa kundi, kupigwa viwiko, kuhesabu nguvu kwa karibu saa mbili.

Juzi nilimuuliza mmoja wa watoto wa Kibirizi kamaliza kwa muda gani. Akanishangaa. "Muda wa nini, kaka? Si umeona nimemwacha huyu?"