Kubadilisha mchanga wa tangi la mimea: tunachoogopa na kinachoua kweli

Tangi la samaki lenye mimea ya majini likishakaa miaka miwili au mitatu na mimea ikashonana, huja siku mwenyewe akaanza kulitazama tandiko la chini kwa jicho baya. Udongo uliokuwa punje ngumu umegeuka tope, au ile changarawe ya rangi aliyoipenda mwanzoni sasa inamkera. Akiuliza afanyeje, ataonywa kuhusu bakteria, kisha bakteria, kisha bakteria tena. Nimeshabadilisha tandiko la matangi manne, na samaki niliowapoteza hawakufa kwa kukosa bakteria. Waliuawa na tope nililolikoroga mwenyewe.

"Ukitoa mchanga umetoa bakteria wote, tangi linaanza upya"

Bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokayo kwenye kinyesi na uozo, kuwa nitraiti, na nitraiti kuwa nitreti, huishi wameganda kwenye nyuso: sponji ya filta, kioo, magogo, mawe, majani, na punje za juu za mchanga. Wanahitaji oksijeni, kwa hiyo kadiri unavyochimba ndivyo wanavyopungua. Ndani ya filta maji yenye oksijeni hupita usiku na mchana, na huko ndiko walikojazana. Tena mimea nayo hula amonia moja kwa moja, na mingi huipendelea kuliko nitreti. Tangi lenye filta iliyokomaa na mimea mingi likipoteza mchanga wake hupungukiwa, lakini halirudi sifuri.

Sharti ni kwamba filta isiguswe. Usiioshe siku hiyo, wala wiki mbili zinazofuata. Kazi ikiendelea, iache izungushe maji ya tangi ndani ya ndoo. Ukiizima ikakaa imefungwa kwa saa kadhaa, oksijeni iliyo ndani huisha, na wale wale uliotaka kuwaokoa ndio wanaokufa.

Dhana hii ina ukweli mahali pawili tu: tangi lisilo na filta kabisa, na lile ambalo filta yake ni sahani iliyolazwa chini ya changarawe. Hapo changarawe ndiyo filta, na ukiitoa yote kwa mpigo utakuwa umejitafutia balaa.

"Samaki wakae humo humo, nitachota polepole"

Hii ndiyo iliyonigharimu. Nilikuwa na kikombe cha plastiki na subira ya kutosha. Kikombe cha kwanza kilitoka safi. Cha pili, chini ya mzizi wa mmea uitwao Echinodorus, kilipasua bonge jeusi. Mapovu matatu manne yakapanda na chumba kizima kikanuka yai viza. Dakika chache baadaye sikuuona ukuta wa nyuma wa tangi, na samaki walikuwa juu kabisa, midomo nje, wakihema.

Tandiko la zamani ni ghala. Limehifadhi kinyesi, chakula kilichozama, majani na mizizi iliyooza. Likitulia halina neno, mimea inajilia. Ukilitibua, mashapo hayo yote yanapanda majini kwa pamoja, yanakula oksijeni na kuachia amonia. Ile harufu ya yai viza ni haidrojeni salfaidi, gesi inayojitengeneza mahali pasipo na oksijeni. Ikikutana na maji yenye hewa ya kutosha huharibika upesi, ila samaki aliyesimama karibu na bonge linapopasuka hana muda wa kusubiri hayo.

Halafu kuna pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, ambayo wengi huisahau hapa. Amonia majini huwa na sura mbili, amonia yenyewe, ambayo ndiyo sumu kali, na amoniamu, ambayo ni afadhali sana. Maji yakiwa na pH 7 na nyuzijoto 25, sumu ile ni kama nusu asilimia tu ya jumla. Kwenye pH 8 inapanda hadi karibu asilimia 5, mara kumi. Kwa hiyo kikombe kile kile kinaweza kuwa usumbufu kwenye tangi la mwenzako na kuwa msiba kwenye lako. Anayekwambia "mimi nilifanya hivyo na hakuna aliyekufa" anasema kweli, lakini muulize pH yake.

Siku hizi nafanya hivi: kabla sijagusa chochote, nazima hita (kioo chake kikibaki nje ya maji kikiwa cha moto hupasuka), nachota maji safi ya juu kujaza ndoo, nawahamishia samaki humo na kuweka pampu ya hewa na kifuniko. Kifuniko si pambo; samaki mwenye hofu huruka. Kisha naondoa magogo na mimea, halafu nanyonya mchanga kwa mpira mnene pamoja na maji, ili tope litoke na mchanga badala ya kubaki likielea. Udongo uliokwisha kulainika hunyonyeka vivyo hivyo, kama uji.

Njia ya kuchota kipande kimoja kila wiki samaki wakiwa ndani ipo, na inafaa changarawe au mchanga mtupu ambao umekuwa ukisafishwa mara kwa mara. Kwa udongo wenye mbolea, sahau.

"Maji ya zamani ni dhahabu, yatunze yote"

Bakteria walioko kwenye maji yenyewe ni wachache mno. Thamani ya maji hayo ni kwamba samaki wameyazoea. Tangi lililokaa muda mrefu maji yake huweza kuwa yameachana sana na yale ya bomba kwa pH na ugumu (wingi wa madini kama chokaa), na samaki kurushwa ghafla kutoka haya kwenda yale ni pigo. Yale masafi ya juu yahifadhi. Yaliyokwisha kuwa tope yamwage bila huruma, na yale mapya yatie dawa ya kuondoa klorini kwanza.

"Mwaga mpya juu ya wa zamani, mambo yameisha"

Kwa macho yameisha, kwa miezi michache. Punje ndogo hupenya katikati ya kubwa na kushuka, kwa hiyo mchanga laini juu ya changarawe utakwenda chini na changarawe ile uliyoichoka itachomoza tena. Na tope la zamani sasa limezikwa ndani zaidi, mbali zaidi na oksijeni.

"Udongo wa akwaria ni salama tangu siku ya kwanza"

Mingi ya udongo huu, yaani udongo wa mfinyanzi uliookwa ukawa punje, huachia amonia kwa wiki kadhaa za mwanzo. Pia huvuta kaboneti na kushusha pH. Kwenye tangi jipya lisilo na samaki hilo si tatizo. Kwenye lako, samaki wanasubiri ndani ya ndoo. Mimi huuloweka kwenye chombo kingine wiki tatu hivi kabla na kubadilisha maji yake mara kwa mara, mpaka kipimo cha amonia kisome sifuri. Usiuoshe kwa kuusugua, utavunjika.

Mchanga ni kinyume: osha, osha tena. Pia udondoshee siki. Ukitoa mapovu una chokaa au makombe ndani yake, na utapandisha pH na ugumu kila siku. Jiandae na mgongo vilevile: tangi la sentimita 60 kwa 30 likiwekwa tandiko la sentimita 5 linahitaji lita 9 za mchanga, takriban kilo 14 mkavu.

"Udongo ukiishiwa mbolea lazima utolewe"

Hapana. Punje za udongo wa mfinyanzi zinaendelea kushika virutubisho hata baada ya vile vya kwanza kwisha. Ingiza vidonge vya mbolea karibu na mizizi. Sababu ya kuutoa ni pale unapokuwa tope zito lisilopitisha maji. Au umeuchoka tu. Hiyo nayo ni sababu, usimwombe mtu ruhusa.

"Majani yameyeyuka, mmea umekufa"

Mmea uitwao Cryptocoryne akihamishwa huweza kuangusha majani yote, pengine kwa siku tatu. Mizizi ikiwa imara, mwache hapo hapo, atachipua. Mwenzake Anubias hata hajui kama kuna lililotokea, kwani amefungwa kwenye gogo, si mchangani.

"Maji yamekuwa meupe kama maziwa, osha filta"

Ukungu huo ukitokea siku ya pili au ya tatu, mara nyingi ni bakteria wengine kabisa, wanaokula uchafu ulioyeyuka majini, na hutoweka wenyewe. Wanatumia oksijeni, kwa hiyo ongeza hewa na punguza chakula. Pima amonia na nitraiti kila siku kwa wiki mbili, na vikionekana badilisha sehemu ya maji. Filta iache ilivyo, hata ikitiririka kivivu.