Je, wajua kwa nini mtoto anavuka levo za gemu la kumbukumbu halafu dukani anasahau alichotumwa?

Mtoto wa dada yangu ana miaka sita, wanakaa Jang'ombe, Unguja, na mamaake alimtilia kwenye tableti gemu la kukuza kumbukumbu mana mwalimu wa skuli alishalalamika sana, mtoto hatulii, anaanza kazi haimalizi, akiambiwa mambo mawili kashika moja. Mashaallah gemu kalipenda. Baada ya wiki tatu anavuka levo ambazo mie mtu mzima zinanishinda, vitaa sita vinawaka kwenye kioo kimoja kimoja na yeye anavigusa kwa mpangilio ule ule bila kukosea. Haya sasa mtume dukani. Sukari nusu, chumvi, kibiriti. Anarudi na chumvi, na chenji kaiacha huko huko. Dada akaniuliza, huyu ananifanyia makusudi? Hafanyi makusudi hata kidogo, na ndo mana nimekaa nikaandika.

Mwangalie mtoto yeyote aliyetumwa. Anakwenda anaimba mdomoni, sukari nusu chumvi kibiriti, sukari nusu chumvi kibiriti, mpaka afike. Ule wimbo ndo kumbukumbu yenyewe inafanya kazi. Wanasaikolojia wawili wa Uingereza, Alan Baddeley na Graham Hitch, waliielezea mwaka 1974, kwa Kiswahili inaitwa kumbukumbu tendaji, mie naiona kama kiganja tu, kinashika vitu vichache kwa muda mchache wakati unavitumia. Mtu mzima anashika kama vinne hivi bila kuvirudia wala kuvifunga mafungu, mtoto wa miaka sita pungufu ya hapo, na maneno usipoyarudia yanafifia ndani ya sekunde chache. Sasa mwenzake anamwita pale kwenye kona njoo tucheze nage, wimbo umekatika, kiganja kimefunguka. Kwa mtoto mwenye tatizo la umakini, lile linaloitwa ADHD na linakisiwa kuwapata kama watoto 5 katika kila 100 duniani, wimbo unakatwa na kila kitu, honi ya bodaboda, paka juu ya ukuta, harufu ya urojo.

Watu wanasema mbona chuoni, kule madrasa, anahifadhi Qurani? Kweli, yule yule ameshafika Wadh-dhuha na hakosei. Lakini ile ni kumbukumbu nyengine kabisa, aya inarudiwa kila siku kwa sauti na wenzake, miezi na miezi, inakwenda kukaa ghalani. Kutumwa dukani ni kiganja, hakuna muda wa kuweka ghalani. Kwahiyo msimpige mtoto kwa kumwambia ukitaka unaweza, na msikimbilie kusema ana shetani.

Gemu lenyewe lilitoka wapi? Sweden, kwa mtafiti Torkel Klingberg. Kompyuta inakuonesha vitu, unavirudia, ukipatia inaongeza kimoja ukikosea inapunguza, mtoto anakuwa kwenye ukingo wa uwezo wake muda wote. Kawaida ni kama siku 25 ndani ya wiki tano. Mwaka 2005 walichapisha utafiti wa watoto 53 wenye ADHD na wazazi walisema dalili zimepungua, ila walimu wao hawakuona tofauti ya maana. Hapo pa walimu mie ndo nilisimama, mana darasani ndo kwenye tabu yenyewe.

Na kuna kisa kimoja cha Marekani kinaeleza vizuri kuliko maelezo yote. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu alifanya mazoezi ya kukariri tarakimu zaidi ya saa 200, akatoka tarakimu 7 akafika karibu 80! Ilichapishwa mwaka 1980. Alikuwa mkimbiaji, akawa anazigawa tarakimu mafungu mafungu kama muda wa mbio, tatu-nne-tisa ni dakika tatu na sekunde 49 za maili moja. Wakambadilishia wakampa herufi. Akarudi kwenye sita, kama watu wengine wote. Yani kiganja chake hakikukua hata kidogo, alichopata ni ujanja wa tarakimu. Na huyu mtoto wetu kapata ujanja wa vitaa, na dukani hakuna vitaa.

Australia nako walijaribu gemu hilo la Sweden kwa watoto 452 wa darasa la kwanza wenye kumbukumbu dhaifu, matokeo yakatoka 2016, baada ya miaka miwili kusoma na tahajia havikupanda, na hesabu walikuwa nyuma kidogo ya wale wasiocheza. Wanatolewa darasani kwenda kucheza, sasa somo lililowapita nani atawafundisha? Kwahiyo mtoto akicheza kwa kufurahi mwacheni acheze, lakini kumlipia kila mwezi ukitegemea skuli atabadilika, hapana, pesa hiyo ni bora aende akapimwe masikio na macho kwanza, halafu aonwe na daktari anayejua mambo ya watoto wa namna hii.

Nyumbani tulichobadilisha ni namna ya kumtuma. Dada anamshika bega kwanza, anamtazama, anamwambia kitu kimoja, mtoto anakirudia mwenyewe kabla hajatoka. Vikiwa viwili anapewa chombo. Juzi katumwa mafuta na kibiriti, mkono huu chupa tupu ya mafuta, mkono huu ganda la kibiriti kilichokwisha. Nilikuwa barazani namwangalia, njiani kasimama kwa paka, kasimama tena kwa watoto wa nage, kakaa pale hata nikataka kumwita, halafu akaitazama ile chupa, akaondoka mbio kwenda dukani.