Je, wajua kinachoisukuma seli ndani ya chipu?

Kwenye michoro ya chipu za kuchambua seli, yaani vipande vidogo vyenye mifereji myembamba ya maji inayopitisha seli na kuzitenganisha, leza huwekwa karibu na pale mfereji unapogawanyika, hivyo wengi huamini kwamba mwanga ndio unaoisukuma seli kwenye tawi lake. Katika chipu nyingi sivyo. Mwanga una msukumo kweli, ila mdogo mno: miliwati 1 ikiipiga seli yenye kipenyo cha mikromita 10, nguvu yake haifiki hata pikonyutoni 1 (sehemu moja ya trilioni ya nyutoni). Seli inayokwenda sentimita 10 kwa sekunde huvuka mwale wenye upana wa mikromita 10 kwa milisekunde 0.1. Kwa muda huo haisogei pembeni hata mikromita 0.001, na mfereji wenyewe una upana wa mikromita 50.

Fikiria kuchambua mchele. Jicho huona jiwe, kidole hulitoa. Leza iko upande wa jicho. Seli za CD4, aina ya seli nyeupe za damu, kwa mfano, hushikishwa kingamwili yenye rangi. Leza ya bluu ya nanomita 488 ikizimulika hutoa mwanga wa kijani, na kitambuzi huudaka. Kidole ni vali, au umeme.

Kidole hicho hungoja. Njia panda ikiwa mikromita 200 mbele ya leza, seli hufika baada ya milisekunde 2, na vali hufunguka wakati huohuo. Maji ya pembeni huzibana seli katikati ya mfereji ili zote ziende mwendo mmoja, kwani ukingoni maji huenda polepole. Povu moja la hewa likikwama, hesabu yote huvurugika: kompyuta huendelea kuandika kwamba seli zimekamatwa, kumbe kichupa kinapokea maji matupu. Kila mara weka tone la ulichokusanya chini ya hadubini.

Seli zikisongamana, jirani naye hutoka, kama punje nzima zinavyotoka pamoja na jiwe. Anza na seli milioni 1 kwa mililita, weka EDTA, kemikali ya kuzuia seli kushikana, ya milimola 2 kwa lita, kisha chuja kwa wavu wa mikromita 40.

Hata hivyo, zipo chipu ambazo mwanga wenyewe ndio kidole. Mwaka 2005 watafiti nchini Marekani walichambua seli za HeLa (seli za saratani ya binadamu zinazokuzwa maabara) kwa msukumo wa leza ya infraredi, yenye nguvu ya wati badala ya miliwati. Iliwezekana kwa sababu katika mifereji myembamba hivi mikondo miwili huenda sambamba bila kuvurugana, hivyo seli ikisogezwa mikromita chache tu hujikuta kwenye mkondo wa tawi lingine, na maji huimalizia safari.