Apdeti haijaunguza laptop yako

Juzi hapa Kirumba, Mwanza, dogo mmoja kaniletea laptop yake ya zamani karibu analia, eti fundi kamwambia apdeti imeunguza mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, anunue nyingine. Jamani, apdeti za kawaida za Windows ni mafaili tu yanaandikwa kwenye diski, haziunguzi kitu, ikigoma kuwaka mara nyingi ni mafaili ya kuwashia yameharibika, na hilo linatokea sana umeme ukikatika katikati huku betri ishachoka. Yake feni ilizunguka na logo ikatokea, sasa mazabodi iliyoungua italeta logo vipi? Tukachomoa chaja na betri, tukabonyeza batani ya kuwashia sekunde 30, tukarudisha chaja. Bado. Tukawa tunaizima kwa nguvu logo ikitokea, mara ya tatu hivi Windows 10 ikaleta yenyewe sehemu ya kujirekebisha, tukaondoa apdeti ya mwisho, ikawaka, na picha zake zote za mwaloni kule ziwani zipo! Ila kabla hujaizima hivyo angalia kitaa cha diski, kikiwa kinapepesa iache hata saa nzima, diski za zamani zinaenda taratibu sana na ukikatisha hapo ndo unaharibu kweli.